Kabari Chini ya Beseni

Kituo cha Kileleni
14 Januari

Mdogo wangu Bi Rula,

Marahaba. Hujaniamkia tangu Oktoba, lakini naitikia mapema, huenda shikamoo yako imekwama melini pamoja na barua zako zote.

Sisi huku tu wazima. Mama goti la kushoto linamsumbua asubuhi, mdomo haumsumbui saa yoyote. Nikikohoa tu ananiambia mficha maradhi kilio humfichua, nami nimemwambia kikohozi changu hakijafichwa, kinasikika mpaka bandarini. Kwa sasa amegombana na beseni lake. Unalikumbuka, lile la bluu la barazani, lenye mstari mweupe kwa ndani. Analijaza hadi kwenye mstari anawe uso, kama alivyofanya tangu tukiwa watoto. Sasa anadai maji yanaupita mstari upande wa shimo la mlima na hayaufikii upande wa barabara. Nimemwambia stendi imechoka kama mwenyewe. Nikachonga kabari ya ubao wa sanduku, nikaipachika chini ya mguu mmoja, yakaisha. Anakusalimu sana na anauliza kama huko mjini bado unakula ukiwa umesimama.

Kazi inaendelea. Ziwa la moto ndani ya shimo limeshuka kama mita nane tangu mwaka mpya, kwa sababu lava imepata njia huko chini, inatokea karibu na pwani na kuingia baharini polepole kama uji. Watu wanaiendea na watoto mabegani, wanapiga picha. Unakumbuka maneno ya baba: mlima huu unamwaga, haulipuki. Miaka thelathini aliisoma sindano ya chombo cha mwinamo kwenye kile kibanda cha ukingoni na hakuwahi hata kuvunjikiwa glasi. Mimi huu wa kumi na moja.

Karatasi za masomo ya sindano nimezifunga pamoja na barua hii. Najua zitapita mezani kwako, wewe ndiye mchoraji wao. Miaka kumi na moja pia, siyo? Mtihani mmoja, nafasi moja, watoto wawili wa baba mmoja. Aliyeweza hesabu akaenda makao makuu, aliyebaki akabaki na mlima na mama. Silalamiki. Nahesabu tu, nione kama na mimi naweza.

Kakako,
Sindano


Makao Makuu, Chumba cha Uchoraji
2 Februari

Kaka Sindano,

Shikamoo. Sasa umeipata, iweke mahali pakavu.

Nami ni mzima. Chumba chetu wamekipaka rangi na sasa sote tunaumwa kichwa. Mwambie mama nina kiti, na ninakikalia. Mwambie pia huyo fundi wake wa kabari ni yuleyule niliyekuwa namfanyia hesabu za shule akinibebea mkoba, kwa hiyo beseni alipeleke kwa seremala.

Sasa la kazi. Kaka, karatasi zako zimenitia aibu. Nimezichora kama zilivyo na mstari umetoka kama meno ya msumeno: unapanda wiki nzima, Jumatatu unaanguka hadi katikati, unapanda tena, unaanguka tena. Mlima gani unapumzika Jumatatu? Halafu pembeni umejaza wino mwekundu, tarakimu ndogondogo ambazo hazimo kwenye fomu, kama daftari la mtoto lililosahihishwa na mwalimu. Mkubwa wetu wa ofisi alisimama nyuma yangu akacheka mbele ya chumba kizima. Akaniuliza kama kakangu husoma chombo akiwa kibandani au akiwa kitandani. Nikacheka nao. Ningefanyaje?

Nakuomba uniandikie safi. Tarakimu nyeusi, kwenye vyumba vyake, basi. Mwezi wa sita wanachagua mkuu wa chumba hiki, na sitaki jina letu liwe kichekesho wakati huo.

Huku ofisini kuna mambo yametokea tangu Januari, lakini si ya kuandika kwenye barua. Mama aangalie goti.

Mdogo wako,
Bi Rula


Kituo cha Kileleni
25 Februari

Bi Rula,

Marahaba. Mama hajambo. Amesema barua yako ilikuwa fupi, nami nikamwambia nimeifupisha mimi, maana si yote yalikuwa ya kumsomea mzazi.

Mlango wa jikoni umeanza kukwama, lazima usukumwe na bega. Beseni limedai kabari ya pili, nene kidogo kuliko ya kwanza. Mama anasema nyumba inainamia shimo kama mtu anayechungulia kisima. Nikamjibu kuwa mwenye chombo cha kupima mwinamo ni mimi, yeye ana beseni. Amenuna siku mbili.

Barua yako nimeielewa. Kumbe tulikuwa tunachekwa, na wewe ukichangia. Meno ya msumeno hutayaona tena. Kuanzia leo nitakuwa naizungusha sindano hadi katikati kila asubuhi kabla sijasoma, si Jumatatu tu, na mstari wako utanyooka kama rula. Wino mwekundu nimeuweka kabatini, kwenye kopo la baba. Wino ule ulikuwa wake, na tarakimu zile pia ni desturi yake. Wewe hakuwahi kukuingiza kibandani, akisema kazi ya baridi si ya mtoto wa kike. Kama ulitaka kujua maana yake ungeuliza. Hukuuliza, ukacheka. Basi sikwambii.

Ziwa la moto limeshuka tena, sasa ukitaka kuliona lazima uinamie ukingo. Wageni wanaopanda wanalalamika kwangu kana kwamba nimelikunywa mimi.

Hilo jambo la ofisini ambalo si la barua, libaki nalo. Kila mtu na kabati lake.

Sindano


Makao Makuu
20 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo, na uipokee kwa moyo mweupe. Nilijua umekasirika kwa sababu uliandika kwa mwandiko mzuri.

Huku ni mvua tu. Jirani wa juu amenunua cherehani na anashona darini kwangu kuanzia alfajiri. Kiti changu kipo, mama asihofu.

Karatasi za safari hii zilikuwa safi kabisa. Mstari mnyoofu kutoka ukingo hadi ukingo. Mkubwa aliushika kwenye mwanga akasema, haya ndiyo masomo. Katika taarifa ya mwezi tumeandika kwamba kilele kimetulia. Unaona? Haikuwa vigumu.

Kaka, nina ombi, na usiligeuze likawa kitu kingine. Namtaka mama aje kwangu. Mwezi mmoja, miwili. Chumba cha mbele kina jua la asubuhi na goti lake litafurahi, na ngazi ni saba tu. Nikipata jibu lako nitampangia nafasi kwenye meli ya katikati ya Aprili. Usiniulize kwa nini sasa. Nina sababu zangu. Sijamwona mama mwaka wa tatu huu, hata hiyo peke yake inatosha.

Ukurasa wa pili nimemwandikia yeye mwenyewe. Msomee neno kwa neno tafadhali, na usikate kitu. Mwambie binti yake anamwita.

Mdogo wako,
Bi Rula


Kituo cha Kileleni
11 Aprili

Bi Rula,

Marahaba. Tu wazima. Mama hataki kuja.

Anasema nyumba hii mumewe aliijenga kwa mikono yake na hawezi kuiacha akalale chini ya cherehani ya mtu. Na mimi naongeza la kwangu. Miaka mitatu hukuweza kumpandia hata mara moja, leo ghafla ana chumba chenye jua. Nimekaa nalo hilo neno lako, nina sababu zangu. Najua sababu. Mwezi wa sita wanachagua mkuu wa chumba, na mkuu wa chumba anayemtunza mama yake mzee anapendeza machoni pa watu kuliko aliyemtelekezea kaka. Mimi ndiye ninayemchotea maji na kumpaka dawa ya goti. Usije ukamchukua sasa kama mtu anayekuja kuvuna shamba alilolima mwenzake.

Habari za mlima kwa kifupi, kwa kuwa zenu mnazipata kwenye mstari mnyoofu. Ziwa la moto limekwisha. Shimo ni jeusi mpaka chini, mawe yanaporomoka kutoka kuta siku nzima, kama mtu anayemwaga kokoto kutoka gari. Ardhi inatikisika mara ishirini, thelathini kwa siku, mitikisiko midogo midogo, na sahani tumezishusha rafuni. Mlinzi wa kituo ameomba likizo. Mama ananitania kwamba beseni lake linapata kabari nyingi kuliko anavyopata yeye mbogamboga. Ni ya nne sasa. Nimeishiwa na ubao wa sanduku, naanza kukata mguu wa kiti cha zamani.

Lava bado inatoka huko pwani, kwa hiyo mlima una pa kupumulia. Unamwaga. Haulipuki.

Sindano


Makao Makuu
3 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima. Natumaini nyote wazima. Niwie radhi, leo sina salamu ndefu.

Barua yako niliisoma nikaitupa, kisha nikaiokota. Uliposema ziwa limekwisha nilirudia mstari ule mara mbili. Kwa hiyo nakwambia lile ambalo nilisema si la barua.

Januari, mafundi wa barabara walikata kilima upande wenu, chini ya kituo, na wataalamu wetu wakaenda kutazama ule ukuta. Juu kuna lava, mapande kwa mapande, kama tunavyoijua. Chini ya lava kuna jivu. Kaka, jivu lenye kina cha mtu mzima na mkono ameunyosha juu, na ndani yake mawe makubwa kama masufuria, yaliyotupwa kutoka shimoni na kuzama pale yalipoangukia. Chini ya jivu lava tena, kisha jivu tena. Mlima huu umelipuka, si mara moja. Ni zamani, kabla ya babu zetu, lakini umelipuka. Wameeleza na namna yake. Moto ukikaa juu shimoni, maji ya ardhini hayathubutu kusogea. Moto ukizama chini sana, kilele kinakosa cha kukibeba, kinabomoka kwa ndani, mawe yanaziba koo, na maji yanaingia palipo na joto. Mvuke ukikosa njia, unaitengeneza.

Taarifa niliipiga taipu mimi. Mkubwa akaifungia kwenye droo mpaka wachimbe mahali pa pili, akasema atakayeivujisha ajitafutie kazi. Na kila mwezi alikuwa akiuangalia mstari wako ulionyooka na kusema, mnaona, kilele hakiinami.

Mshushe mama, na wewe ushuke. Msingoje karatasi. Telegramu ya ofisi haitoki bila saini ya Mkubwa, ndiyo maana naandika barua. Meli inaondoka kesho, itafika kwenu Alhamisi ya tarehe kumi na mbili.

Kaka, wino mwekundu ulikuwa nini?

Mdogo wako


Shule ya Bandarini, darasa la pili walimotuhifadhi
30 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika siku uliyosema. Nakusimulia kwa mpangilio, mara moja, na usinitake nirudie.

Alhamisi ile niliondoka asubuhi na lori la kituo kwenda kuchukua barua na vifaa, kama kila siku ya meli. Mama alikuwa barazani anafunga kilemba. Siku hiyo maji ya beseni yalikuwa yamemwagika sakafuni upande wa shimo. Akaniambia, "Ukirudi njoo na ubao mnene. Hivi vyako vimeshindwa." Nikamwambia nimesikia. Ndilo neno la mwisho nililomwambia, nimesikia.

Bandarini niliomba kipande cha mbao kwa seremala wa mashua, kizuri, kinene kama viganja viwili. Nikakitia kwapani. Nikapokea barua yako dirishani, nikaisoma nimesimama palepale kwenye foleni. Nilikuwa nimefika kwenye masufuria wakati watu walipoanza kunyoosha vidole. Hakukuwa na kishindo cha kutisha, bandarini mlipuko ulisikika kama mlango mzito unaofungwa mbali. Wingu la kijivu lilikuwa limesimama juu ya kilele, linapanda huku likinenepa. Dereva alikataa kupanda. Nilimpiga, nikaomba radhi, akakataa tena. Nilipanda kwa miguu mpaka jivu liliponigeuza, nikiwa na ubao na barua mkononi.

Mlipuko ule ulifuatwa na mingine minne siku mbili zile, na baada ya kila mmoja kilele kilishuka ngazi nyingine. Waliponiruhusu kupanda pamoja na waokoaji kibanda hakikuwepo, wala mahali kilipokuwa hapakuwepo. Ukingo wa shimo sasa uko hatua kumi na tano kutoka ukuta wa jikoni. Paa la nyumba mawe yalilipitia kama ungo. Mama alikuwa chumbani kwake, upande wa kitanda, kilemba kichwani. Hakuteseka, daktari amesema, na mimi nimeamua kumwamini. Tulimzika huku chini siku hiyohiyo. Najua meli zilisimamishwa kwa sababu ya jivu. Sikukulaumu kwa kutokuja kuzika. Hilo tu ndilo nisilokulaumu.

Sasa wino mwekundu. Sindano ikikaribia kutoka kwenye karatasi, mtu anazungusha skrubu hadi irudi katikati, na anaandika kwa wekundu amezungusha mara ngapi. Tarakimu nyeusi ni mwendo wa sindano. Wekundu ni mwendo wa mlima. Ukijumlisha wekundu ndipo unajua kilele kimeinama kiasi gani. Baba alikuwa akijumlisha kila Jumamosi. Mimi sikuwahi kujumlisha, nilikuwa naandika tu na kutuma, nikiamini makao makuu kuna anayejua hesabu. Uliponicheka nikaacha hata kuandika. Nilizungusha skrubu kila asubuhi kwa siku sabini na sita na sikuweka alama hata moja. Mwezi wa nne nilikuwa nazungusha mpaka kidole kinauma. Mkono wangu ulijua. Nilikuwa nangoja uniulize.

Lipo na la pili. Mama hakukataa kuja kwako. Sikumsomea ukurasa wake. Nilimwambia umeleta salamu tu. Angekuja, Bi Rula. Angeshuka siku hiyohiyo na goti lake, alikuwa amekwisha kuniuliza mara mbili kama huko kwako kuna ngazi.

Baraza ilisimama. Beseni lilikuwa palepale, lina jivu mpaka kwenye mstari, na limelala upande. Nimekuletea kilichokuwa chini ya mguu wake. Kabari tano ni zangu, nimeziandika tarehe. Kipande cha sita si changu. Nadhani alikiweka mwenyewe asubuhi ile nilipoondoka, alipochoka kunisubiri. Ni karatasi iliyokunjwa mara nne. Kunjua utaona. Ni ule ukurasa wa pili. Nilikuwa nimeusahau kwenye mfuko wa koti la kazi, naye koti alilifua.

Wameunda tume. Mkubwa wako amewaambia msomaji wa chombo alighushi masomo. Ninayo barua yako ya Februari, ile ya meno ya msumeno, na mwenzangu mmoja ameniambia niwapelekee. Nimeifunga pamoja na kabari hizi. Sitaki kuwa nayo, na sitaki kuwa mtu anayeitumia.

Usinisalimu tena. Ukiwa na neno, anza nalo.

Sindano


Mjini
21 Juni

Nilijua tangu Januari.

Nilijua siku nilipocheka na wenzangu, na nilijua siku nilipoandika kilele kimetulia. Posta iko kona ya pili kutoka ofisini. Ningeweza kwenda tarehe tatu Mei, nikapiga telegramu kama mtu yeyote mwenye mama, ingefika siku hiyohiyo, siku tisa kabla. Nilifika mpaka mlangoni. Karani wa posta mkewe anapiga taipu nasi, nikaogopa Mkubwa asije akasikia. Nikarudi, nikaandika barua, nikaipeleka melini. Sikukwambia hilo kwenye barua yenyewe.

Jana niliingia kwenye tume. Niliweka mezani nakala ya taarifa ya jivu, barua yangu ya Februari, barua yako ya Mei, na kabari. Mkubwa alisema vijiti vya chini ya beseni si masomo. Nikaomba rula. Nikapima mbele yao, moja moja, kwa tarehe zake. Milimita tatu. Nne. Tano. Sita. Nane. Nikaomba karatasi ya kuchorea, nikachora. Mstari unashuka tangu Januari hadi Mei, kila mara kwa kasi zaidi, na hauna meno. Mwenyekiti alimwuliza Mkubwa kama aliwahi kuona mchoro huu. Mkubwa akasema wachoraji ndio wanaochora. Ni kweli. Nimefukuzwa leo asubuhi, na wewe barua yako ya kufukuzwa itafika wiki ijayo, wamenionyesha. Sote wawili, nafasi zote mbili.

Cha sita sikukitoa. Kina milimita mbili, nilikipima nyumbani kabla sijakikunjua. Kisha nikakikunjua. Wino umefutika kwa kufuliwa, limebaki neno moja moja. Chumba. Jua. Ngazi saba.

Nimerudia barua zako zote kuanzia Oktoba ya mwaka jana. Kabari zote zimo. Ya kwanza, ya pili, nyumba inavyoinama, mlango unavyokwama, vyote umeviandika, na mama ndiye aliyekwambia. Vimekaa pale juu, kwenye salamu. Nilikuwa nikiiruka mistari ile ili nifike kwenye jambo lenyewe.